Tambi za Pilipili Mbele ya Kaka

Mimi tambi nilizijua nikiwa tayari mtu mzima mwenye watoto. Utotoni kwetu huku juu Ufipa chakula kilikuwa ugali wa ulezi na maharage, na siku ukibahatika, samaki mkavu aliyepandishwa kutoka Kipili ziwani kwa baiskeli. Wali tulikula Krismasi. Mpaka leo mtu wa kijijini kwetu anaweza kushiba wali mpaka akafungua mkanda, ukimuuliza kama amekula atakwambia, "Hapana, nimepoza tumbo tu, sijala." Nalisema hili mapema kwa sababu ugomvi wote ninaotaka kueleza umekaa hapo, kwenye kula na kutokula.

Nina binti mmoja. Wavulana wapo, wamekwenda machimboni Chunya, wakinikumbuka wananipigia, wasiponikumbuka basi. Binti aliolewa hapa mjini Sumbawanga, kwenye familia ya Kiislamu yenye duka la jumla na malori mawili ya kwenda mpakani Kasesya. Alifuata dini ya mume. Niliumia, sitasema uongo. Lakini mama yake wakati huo alikuwa hai, akaniambia, "Ukimfukuza huyu, uzeeni utamwita nani akuletee maji?" Nikanyamaza.

Kaka yangu hakunyamaza. Kaka ni mzee wa kigango kule kijijini, mtu wa kuamka kabla ya kengele. Alisimama uani kwangu, kofia mkononi, akasema, "Mdogo wangu, maadamu mtoto huyu anaingia kwako, mimi kwako siingii." Nilidhani ni hasira, itapoa. Haikupoa. Hata mke wangu alipofariki, kaka alikuja na wanakwaya, akaimba kwa sauti ile yake nzito, akatupa udongo kaburini, akaondoka bila kukanyaga kizingiti changu. Watu waliona. Mimi nilimwona kuliko wote.

Basi, tambi. Ukweni binti alizikuta zinapikwa kwa sukari na iliki, na tui la nazi likipatikana, chakula cha mwezi wa Ramadhani. Yeye ni mtoto wa maharage, unafikiri atakaa na utamu huo mpaka lini? Akachukua maharage yetu ya Ufipa, akayachemsha yakalainika, akatia nyama ya kusaga, nyanya nyingi, vitunguu, na pilipili kichaa zinazopandishwa kutoka Muze kule bondeni ambako jua halina huruma. Rojo hiyo inapikwa mpaka inakuwa nzito, inapiga povu kama matope ya moto. Halafu tambi anazichemsha na chumvi tu, anazilundika kwenye sahani, anazimwagia ile rojo juu. Akafungua kibanda karibu na maegesho ya malori. Madereva wakampenda. Huku kwetu mwezi wa sita upepo unakata masikio, na dereva aliyelala kwenye lori anataka kitu cha kumwamsha mpaka kwenye kucha.

Lakini si wote. Mama mkwe wake, mwanamke mstaarabu sana, huwa ananikaribisha chai ya tangawizi na hanipi nafasi ya kukataa, aliniambia siku moja, "Mzee mwenzangu, mwanao nampenda kama wa kumzaa. Ila tambi ni za sukari. Kuzitia maharage na pilipili ni kuzitukana." Na jirani yangu mimi, Mfipa mwenzangu, akasema kinyume chake: maharage ndiyo yaliyotukanwa, kwa kumwagwa juu ya uzi. Kibandani pale nimekaa nikasikia vijana wa bodaboda wakibishana na dereva mmoja mnene.

"Mama, nipe nyaya," kijana anasema. Ndivyo wanavyoziita.

"Wewe mshikaji unakula nyaya, ndiyo maana hata pikipiki yako ina nguvu kukuzidi," dereva anamjibu. "Mwanaume anakula dona."

"Dona kula wewe, mzee. Unashuka mlima na tumbo lako limetangulia, lori linafuata nyuma."

Wakacheka mpaka binti akawachapa mgongoni kwa taulo. Mimi nilikuwa upande wa nyaya, nakiri, na sababu yangu si ya ladha. Meno yangu yamebaki machache na hayatazamani. Tambi hazinidai kutafuna. Kuhusu meno ningeweza kueleza mengi, kuna fundi mmoja wa meno aliyepita mnadani na koleo, lakini tuache, maana mwanzoni nilisema nitaeleza ugomvi, na ugomvi ni wa kaka.

Mwaka huu, baada ya mavuno, kaka akaota uvimbe tumboni. Hospitali ya hapa ikamwandikia aende Mbeya akapasuliwe. Shemeji, mkewe, akanipigia analia. Nikamwendea mtani wa ukoo wetu, mzee mwenye maneno machafu na moyo safi, yule ambaye misibani anatuibia viatu na hatuwezi kumkasirikia. Nikamwambia, "Kaka hawezi kwenda kulazwa kwenye kisu kabla mimi na yeye hatujala pamoja."

Maana katika ukoo wetu waliogombana hawapatani kwa kupeana mkono tu. Wanawekewa sahani moja katikati, wananawa maji ya beseni moja, wanakula kwa mikono mpaka sahani iwe nyeupe. Chakula kinatoka nyumbani kwa mdogo. Anayeinuka kabla sahani haijaisha ameukataa upatanisho, na hakuna wa kumlazimisha.

Mtani alikwenda, akamtukana kaka vizuri, akarudi na jibu: Jumapili, baada ya misa, anakuja. Anaingia ndani. Nilifagia ua mwenyewe mara mbili, mgongo ukaniuma.

Binti ndiye aliyepika, maana nyumbani kwangu hakuna mwanamke mwingine. Nilimnunulia jogoo. Nilimwekea unga wa ulezi mezani. Alipokuja asubuhi na mahotpoti yake tayari yamefungwa kwa khanga, unga hakuugusa, wala jogoo. Nikamuuliza, "Mwanangu, umeleta nini?"

"Nimeleta chakula changu, baba."

"Baba yako mkubwa ni mtu wa ugali."

"Najua. Ugali wa ulezi nikimsongea atakula, na atakuwa amekula wa mama. Mimi atakuwa hajanila hata kidogo." Alisema hivyo hivyo, hajanila. "Kinachomkera ni mimi, si wewe. Akitaka kupatana apatane na kile kinachomkera."

Ningeweza kumwambia songa ugali, mimi ni baba yako. Nilitazama unga, nikamtazama yeye. Ana uso wa mama yake akikasirika. Nikaurudisha unga kabatini.

Kaka akaja amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amekonda, koti limekuwa la mtu mwingine. Binti akapiga magoti mlangoni, "Shikamoo, baba mkubwa." Akajibu "Marahaba" akiangalia ukuta, lakini akajibu. Akakanyaga kizingiti. Mtani akapiga kelele kama mtu aliyeona mbuga inaungua, "Ameingia! Fungeni mlango asitoroke!" Wazee wawili wa ukoo waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka, machozi karibu.

Tukanawa. Sahani ikaja.

Tambi zimelundikana, rojo nyekundu juu. Mtani ndiye wa kwanza kusema: "Leo ukoo huu umekufa njaa mpaka unakula minyoo iliyopakwa damu."

Binti akafuata nyuma na uma mbili. Mtani akazikataa, "Patano haliliwi kwa vyuma." Basi tukaingiza mikono. Jamani, mmewahi kula tambi watu wawili kwa mikono kwenye sahani moja? Ugali unamega, unabinya, kila mtu na tonge lake. Tambi hazimegeki. Nilivuta zangu, zikaja na za kaka. Uzi mmoja ulitoka kwenye vidole vyangu ukapita hewani ukaingia kwenye vidole vyake, mchuzi unadondoka kwenye koti la kanisani. Akavuta, nikavuta. Mtani akasema, "Mwacheni mkubwa ashinde, anakwenda kupasuliwa." Mzee mmoja akacheka hadi akakohoa. Nilimtazama kaka na mdomo wake ulikuwa unataka kucheka, wallahi ulikuwa unataka, ila hakuuruhusu.

Akatia mdomoni. Pilipili ya Muze ikamshika. Macho yakajaa maji, jasho likatoka kwenye kipara. Akala tena. Akala mara ya tatu, nikahesabu moyoni kama mtoto. Nikaona binti amesimama kwenye mlango wa jiko, khanga ameikunja mikononi.

Halafu kaka akakung'uta vidole kwenye beseni. Sahani bado nusu. Akainuka, akashika tumbo, akasema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma: "Nimeonja. Sijala." Akatoka.

Wazee wa benchi wakabaki wanabishana juu ya ile nusu sahani mpaka ikapoa. Mmoja alisema kilichoingia tumboni ni chakula, awe amekaa au ameinuka, na kaka mgonjwa tumbo lake halibebi zaidi. Mwingine akasema hapana, ameinuka, basi kaukataa upatanisho. Wa kwanza akamwambia, "Kwani kile kilikuwa chakula? Kama hakikuwa chakula, hajakataa kitu." Mtani safari hii hakuwa na utani. Alikaa chini akamalizia zile tambi peke yake, polepole, kisha akasema hajui, miaka yote ya utani wake hajawahi kuona jambo la namna hii. Binti aliosha vyombo, akafunga mahotpoti yake, akaenda kazini. Hakulia mbele yangu.

Kwa siku zilizofuata nilikuwa mtu wa katikati. Kaka akatuma neno kupitia shemeji: huyo mtoto aje kijijini, asonge ugali jikoni kwa mama yake mkubwa kama binti yeyote wa ukoo, yeye atakula mpaka mwisho. Nikampelekea binti. Akasema, "Akimaliza sahani yangu nitamsongea ugali mpaka mkono uchoke." Nikamrudishia kaka. Kaka akasema hana umri wa kuanza kula uzi. Kila mmoja nilimwona ana haki kidogo, na kila mmoja nilitaka kumzaba kofi. Usingizi ukanikimbia. Nikaanza kuongea na kuku.

Siku moja kabla ya safari ya Mbeya, shemeji akanipigia asubuhi. "Shemeji, njoo sasa hivi. Ugali nasonga mimi. Wewe lete mboga tu, iwe imetoka kwako, mkae mle, mambo yaishe. Anaogopa, hasemi, lakini anaogopa."

Mboga niliyokuwa nayo ilikuwa moja. Binti huniletea kila wiki ile rojo yake ya maharage, bila tambi, ili tambi nichemshe mwenyewe. Nikaifunga kwenye mfuko nikapanda bodaboda. Binti sikumwambia.

Tukakaa kaka na mimi, kwake, jikoni kwa sababu ya baridi. Sahani moja ya ugali wa ulezi, mweusi, moto, na bakuli la ile rojo. Akamega, akachovya, akatia mdomoni, akasimamisha taya. Aliijua. Pilipili ile haijifichi. Nilingoja ainuke. Akasema, "Pilipili yenu bado kali," akamega tena. Tulikula mpaka sahani ikawa nyeupe, na bakuli akalifuta kwa tonge la mwisho. Tukashikana mikono ikiwa na mafuta. Mdomo wangu ulikuwa unaungua na nilikuwa na furaha ya mtoto mdogo. Nilingoja aseme jambo juu ya aliyepika. Akaanza kuongelea nani atamwangalizia ng'ombe.

Binti akanipigia nikiwa njiani kurudi. Shemeji alikuwa amemweleza tayari, wanawake hawa wana simu.

"Baba, amekula?"

"Amekula."

"Amekula nini?"

Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Nikasema, "Ugali. Na mboga yako."

"Aliniulizia?"

Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini kingine? Nilisikia malori nyuma yake, mtu anaita apewe chai. Akasema, "Basi mmepatana nyinyi wawili. Hongera, baba." Hakusema kwa kejeli. Akasema ana wateja.

Kaka amepasuliwa, amepona kiasi, anakunywa uji. Bado yuko wodini. Nimelala na kuamka na jambo hili na sijui kama siku ile jikoni nilipata ndugu au niliuza mtoto. Wengine wananiambia yule mzee amekula chakula cha mikono ya binti, imekwisha, atazoea. Binti anasema aliyekula bila kumtaja mpishi amekula kwa wizi. Tambi zake anaendelea kuuza, na mama mkwe wake bado anasema ni za sukari.

Jumamosi nakwenda Mbeya kumwona. Nimekata tiketi za watu wawili, binti nimempelekea yake kibandani. Aliipokea akaiweka chini ya kopo la chumvi ili upepo usiipeperushe, akaniuliza kama nitakula. Kuhusu kwenda hakunijibu.