Mtakatifu wa Kwenye Kitambaa

Neno "sijui" lilimkwama Verediana kooni kama mfupa. Pale Gitting, chini ya mlima Hanang, yeye ndiye aliyewasomea majirani barua, maelezo kwenye chupa za dawa ya mifugo, na Injili kwenye sala za jumuiya kila Jumamosi. Alikuwa amemaliza la saba, wenzake wengi waliishia la nne, na hilo lilitosha kumfanya mtu wa kuulizwa kila kitu.

Mwaka ule Manyara ilipokatwa kutoka Arusha ikawa mkoa, alipata kitambaa cha kitani kwenye rundo la mitumba, mnadani Katesh. Kilikuwa na picha za mji uliojengwa juu ya mwamba kando ya bahari. Alikifua, akakipiga pasi, akakitandika kwenye meza ya jumuiya nyumbani kwake, chini ya msalaba na mshumaa. Wanawake wakasahau hata rozari.

"Mama Gidion, huku ni wapi?"

"Monako," Verediana alisoma. Ukweli uliishia hapo. Jumba lenye walinzi wa sare nyeupe alisema ni la mfalme. Lile la ukingoni mwa mwamba, lililochorewa samaki, ghala la wavuvi. Bustani ya mimea ya miiba, shamba la mkonge. Jengo moja jeupe akaliita shule. Lakini la katikati, lenye minara miwili na masanamu, lilikuwa na maandishi: Casino.

"Hili ni kanisa," alisema. "La Mtakatifu Kasino."

"Huyo sijamsikia," alisema Scolastica, mama asiyeacha jambo bila kuliuliza. "Alifanya nini?"

Nyuso zote zilikuwa zimemgeukia Verediana. "Shahidi. Wapagani walimtosa baharini."

Wakafanya ishara ya msalaba.

Uongo ule ungekufa palepale kama si Marieta, mke wa mfugaji wa kule bondeni, aliyebatizwa Pasaka iliyotangulia. Uchungu wa uzazi ulimshika siku mbili, na mvua ilikuwa imekata barabara. Verediana alimshika mkono. Watakatifu wote aliowajua walikuwa wameshaitwa. "Mwombe Kasino," alisema. Mchana mtoto wa kiume akalia.

"Ataitwa Kasino," alisema Marieta, na hakuna aliyembishia.

Wiki ya ubatizo, Fransiska, binti wa kaka yake Verediana, alikuja likizo kutoka chuo kikuu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Fransiska alikiona kitambaa mezani, akatabasamu. "Hee, Monako! Watalii wanajazana huko, shangazi. Hawa walinzi wakibadilishana zamu mchana, watu wanasimama kuwatazama. Hili lenye samaki ni makumbusho ya viumbe wa baharini. Hii bustani ya mimea ya jangwani. Na hili jeupe ndilo kanisa kuu."

Ile shule. Verediana akasogeza kidole. "Na hili la minara?"

"Kasino? Nyumba ya kamari. Matajiri wanacheza humo na suti zao."

Kamari Verediana aliijua. Ni zile karata tatu za mnadani, ambako mwanamume huenda na fahali akarudi na fimbo. Masikio yakamwaka moto. Jumapili padri angeuliza jina mbele ya kanisa zima, na Marieta angelitaja kwa sauti. Aliwaza kuugua siku hiyo. Aliwaza kwa dhati kabisa, hata akachagua ugonjwa.

Asubuhi ya Alhamisi akashuka bondeni. Marieta alikuwa anakamua.

"Marieta, yule mtakatifu hayupo. Nilimtunga. Lile jengo ni nyumba ya kamari."

Maziwa yaliacha kulia kwenye kibuyu.

"Basi siku ile, mimi nakufa, nilikuwa namwomba nani?"

Verediana alitafuta jibu zuri, kama alivyozoea.

"Sijui."

"Neno hilo ungelisema mbele ya ile meza." Marieta akaanza kukamua tena. "Jumamosi uwaambie mwenyewe. Mimi nina mtoto wa kubeba, aibu yako sitaibeba."

Jumamosi akawaambia, kitambaa kimekunjwa mkononi.

"Na wale walinzi wa mfalme," Scolastica aliuliza, "nao ni wacheza karata?"

Kicheko kilichofuata Verediana alikipokea amesimama, mpaka kikaisha chenyewe. Marieta hakucheka.

Mtoto alibatizwa Emanuel. Lakini jina lililokwisha kuzoeleka halifutiki kwa maji. Miaka saba baadaye anachunga ndama, na mama yake akimwita bondeni, sauti hupanda mpaka mashambani: "Kasinoo! Rudisha ndama!" Verediana huinamia jembe. Na mgeni akiuliza hilo ni jina gani, wenzake hunyamaza wote, wakamwachia yeye ajibu.