Baharia Mgeni wa Mji Mzima

Garissa ya miaka ile haikumpenda mtu wa sare. Sisi tuliotoka bara tulimwona askari ni ngao yetu, lakini wenyeji wakiiona sare waliinamisha macho na mazungumzo yakakatika. Mume wangu alikuwa karani, nami nilikuwa na hoteli ndogo ya chai karibu na mahali malori yalipokusanyika kungoja msafara, maana hakuna gari lililothubutu kwenda kaskazini peke yake. Vijana waliotoka mafunzoni juzijuzi walipita kwangu wakipelekwa kwenye vituo vya mbali, vichwa vimenyolewa, buti zinawabana. Niliwaongezea andazi bila kuombwa. Baadhi yao nilijua sitawaona tena, na kweli sikuwaona.

Maziwa yangu yaliletwa na mama mmoja wa Kisomali, mjane. Aliishi katika kijiji kile walimokusanywa wafugaji wakae chini ya ulinzi, na kila asubuhi lango likifunguliwa alitembea hadi kwangu na maziwa ya ngamia katika chombo kilichofukizwa kwa makaa. Mwanzoni ule moshi ulinichefua. Baadaye chai isiyo na moshi nikaiona kama maji ya kuoshea vikombe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyejiunga na wanamaji huko Mombasa, na kwa kuwa mimi niliwahi kufika Mombasa, alinifanya shahidi wake wa bahari.

"Ile maji, mama, mwisho yake iko wabi?"

Nikamwambia mwisho wake sikuuona.

"Na mtoto yangu natembea juu yake," akasema, akicheka huku ameziba mdomo kwa shela. "Yeye hata mto alikuwa naogoba."

Asubuhi moja hakuja. Risasi zilikuwa zimesikika upande wa barabara ya kijijini, na mtu aliyepita akasema kuna mwanamke ameanguka na maziwa yake. Askari walisema ni shifta, wale waasi wa nyikani, waliompiga, wengine wakasema ni askari. Mimi sikujua wa kumlaani, kwa hiyo niliwalaani wote. Alizikwa siku ile ile, nami nikaenda kukaa na wanawake wa kwao, nikalia kama niliyefiwa na dada.

Juma halijaisha, mwanawe akashuka kutoka kwenye lori la Thika.

Alikuwa amemaliza mafunzo, kapewa likizo yake ya kwanza. Alivaa nguo nyeupe zenye kola pana iliyolala mgongoni, na kofia nyeupe ya duara ambayo vumbi la safari lilikuwa limekwisha kuigeuza rangi. Uso ulikuwa wa mama yake mtupu. Habari hazikuwa zimemfikia. Niliposimama mlangoni nikitafuta maneno, mzee mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara alivuka mbio, yeye ambaye hakuwa mtu wa kukimbia, akanivuta ndani.

"Mama, hii kijana usimwambie kitu."

"Mzee, mama yake amekufa!"

"Najua. Lakini sisi habari ya kifo habana semwa na kila mtu. Nasemwa na mtu ya damu yake. Mjomba yake, ndugu ya mama, iko na ngamia mbali. Tumetuma mtu. Akifika, atasema yeye."

"Na mpaka afike?"

"Mpaka afike, huyu ni mgeni. Nalishwa. Mtu nakula haambiwi msiba, hata kama mjomba amekaa mbele yake. Kwanza amalize."

Kwetu mtu akifiwa unampigia mbio hata kama yuko juu ya mti, anaambiwa huko huko. Nilimwambia mzee kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba huyu hafichwi, anangojewa. Sikuiona tofauti, lakini mfu hakuwa wangu. Nikafunga mdomo, jambo ambalo walionizoea watakwambia halikuwa jepesi.

Basi mji ukamkaribisha. Nilimpa chai ya kwanza nikakataa malipo. Mzee akaleta nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa vipande vidogo na kuhifadhiwa kwenye samli, ambayo kwa kawaida hufunguliwa wageni wa harusi tu. Kinyozi akamnyoa ndevu zake tatu kwa heshima zote. Mama muuza anjera, ile mikate laini ya Kisomali, akampelekea sahani alikolala, nyumbani kwa mzee. Watu ambao mwezi uliopita wangevuka barabara wasikutane na sare walimshika mkono, "Soo dhowow, soo dhowow", karibu, karibu, na kumkalisha. Kila alipotaja kwenda kijijini, mtu alitokea na birika. Mara ooh, barabara imefungwa. Mara ooh, kibali hakijatoka, ngoja kesho. Lile la kibali lilikuwa kweli. Ndilo lililomchelewesha hata mjomba, aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani pamoja na ngamia wake hadi afisa arudi na muhuri.

Kijana alikula. Sijapata kuona mtu mwembamba akila vile. Na kati ya tonge na tonge alitusimulia habari za bahari. Alimwomba mzee kamba ya ngamia akamwonyesha fundo la mabaharia, na mzee naye akamwonyesha la kufungia mzigo, wakakuta yanakaribiana. Wakacheka. Mzee alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kikoi, na aliendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

Mimi jambo moja lilinikera, nalo lilizidi kila sahani ilipokuja. Yule kijana hakumuulizia mama yake. Aliuliza kama mvua ilinyesha, aliuliza bei ya mbuzi. Aliuliza kama mto ulijaa. Mama aliyejivunia kila wimbi alilolikanyaga mwanawe, hata jina lake halikutajwa. Nilimwangalia akilamba vidole nikasema moyoni, ndiyo haya, mtu akishavishwa sare anasahau titi alilonyonya. Nilimchukia. Nasema kweli, kwa siku mbili nilimtilia chai kijana yule nikimchukia, na nikimhurumia, sijui kipi kilitangulia.

Siku ya pili, adhuhuri, mjomba akafika. Mtu mrefu, mavumbi hadi kwenye nyusi, fimbo mabegani. Aliingia hotelini kwangu, akasimama mbele ya mpwa wake.

"Abti," akasema.

"Abti," akajibu kijana. Wao mjomba na mpwa huitana jina lile lile.

Walishikana mikono. Mjomba akaketi, akatazama sahani ya nyama iliyokuwa mbele ya mpwa wake, akaweka fimbo chini, akangoja. Mzee wa duka alikuja akasimama mlangoni, na nyuma yake wengine.

Kijana akaendelea kula. Alichukua kipande, akakitafuna taratibu, akachukua kingine. Nyama ikaisha akaanza kuchokoa mifupa. Akaomba chai. Akainywa kwa vifunda vidogo kama mgonjwa, kisha akaomba nyingine. Jasho lilikuwa linamtoka yule kijana mpaka kola imelowa, na niliona wazi kwamba tumbo lilikuwa limekataa zamani.

Hapo uvumilivu ukanishinda.

"Wewe kijana," nikasema, "mjomba wako ametoka nyikani, humwulizi hata habari za nyumbani? Una mama wewe, au bahari ndiyo iliyokuzaa?"

Mzee alinikemea kwa Kisomali. Kijana akainua mkono kumtuliza, kisha akaniangalia. Macho yake hayakuwa na hasira.

"Mama," akasema, "siku niliyoondoka hapa kwenda kuandikishwa, hawa watu walinipa mgongo. Mmoja alitema mate. Safari hii nimeshuka kwenye lori, wewe umenikatalia pesa ya chai, mzee amekuja mbio na nyirinyiri ya harusi. Mimi ni mtu wa hapa. Nilijua kabla chai haijapoa."

Akasogeza kikombe chake mbele yangu.

"Nilijua ni yeye, kwa sababu maziwa kwenye chai yako hayakuwa na moshi."

"Sasa mbona hukuuliza, mwanangu?" nikasema.

"Nikiuliza, nitajibiwa." Alimtazama mjomba wake, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa. "Lakini nikiwa nakula hawawezi kuniambia. Kwetu ndivyo ilivyo. Basi nikala."

Alivuta sahani iliyojaa mifupa mitupu, akaipangusa kwa kidole, akaweka kidole kinywani. Halafu akaniuliza, kwa adabu, kama kuna mkate.

Ulikuwepo. Nilimkatia kipande kikubwa nilivyoweza.