Nyimbo za Mwali katika Kompyuta ya Bi Mwaisha

Bi Mwaisha wa Mafiga hana mazoea ya kufunga milango. Uani kwake kuna vyumba vya kupangisha, na wapangaji hupita sebuleni kwake kama kwao: huyu anaazima jiko, yule anachaji simu, mwingine anaingia tu kusalimia na kuondoka na ndizi mkononi. Majirani humkumbusha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Naye huwajibu kuwa bora huyo wa nguoni, maana anamjua kwa jina. Ndivyo alivyolelewa huko Kinole milimani, na mjini hakuja kujifunza uchoyo.

Alikuwa mpiga chapa ofisini hadi alipostaafu, na mpaka leo wanafunzi wa chuo humletea kazi zao azichape. Kompyuta iko sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Lakini chenye thamani humo ndani si kazi za wanafunzi. Ni sauti ya mama yake.

Mama huyo alikuwa kungwi. Mabinti wa ukoo walipovunja ungo, yeye ndiye aliyewaweka ndani na kuwafunda, na mafunzo yenyewe yalikuwa nyimbo za Kiluguru ambazo mwanamume haruhusiwi kuzisikia. Uzeeni, alipoona wasichana hawakai ndani tena na pumzi yake inazidi kuwa fupi, alikubali Mwaisha amrekodi. Sharti lilikuwa moja.

"Zisiingie sikio la mwanamume," alimwambia. "Mtunzie Shadia."

Shadia ni binti wa marehemu dada yake Mwaisha. Kwa Waluguru ukoo hufuata tumbo la mama, basi urithi ule ulikuwa wake. Bibi kungwi akafariki, amana ikabaki Mafiga. Shadia, anayeishi Dar es Salaam, aliahidi kuja kuzisikiliza Idi ikifika. Idi ikaja ikapita, akaahidi nyingine, na hiyo nayo ikapita.

Asubuhi moja Bi Mwaisha alikuwa uani anasuuza vyombo, akasikia mluzi. Aliyeupiga ni Innocent, mpangaji wa chumba cha nyuma, kijana wa Turiani anayefanya kazi kiwandani Kihonda. Alikuwa amekaa kizingitini anapaka viatu kiwi, na mluzi wake ulikuwa wimbo wa kumtoa mwali nje, wote, na ile kona yake ya mwisho ambayo hata Mwaisha mwenyewe ilimchukua muda kuishika. Sahani ikamponyoka.

Alimuuliza ameutoa wapi. Innocent hakuficha, kwani hakujua kuna la kuficha. Kupitia wai-fai ya nyumba, laptopu yake ilikuwa inaziona folda za kompyuta ya sebuleni, akafungua moja akakuta nyimbo, akadhani zimewekwa kwa ajili ya wote, akajinakilia.

"Maneno siyaelewi, bibi," alisema. "Ila ile sauti ni kama ya bibi yangu aliyenilea. Nikirudi kazini naisikiliza mpaka usingizi unanichukua."

Akazifuta nakala zake palepale mbele yake, akaomba radhi kwa kosa asilolijua, na Bi Mwaisha hakuwa na namna ya kumweleza. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliingia ndani akalia kwa uchungu, kwa sababu mama yake alimwomba jambo moja tu, na hilo moja limemshinda.

Siku hiyohiyo alikwenda mjini kwa Upendo, dada mwenye duka la kompyuta, akataka ukuta wa ulinzi wa kompyuta, ulio mkali kuliko wote. Upendo alipouliza analinda nini, alijibu kwamba analinda amana ya watu. Ukuta wa kununua ulikuwepo, lakini Upendo hakuwa mtu wa kuuza kabla ya kutazama. Akafunga duka, wakaongozana hadi Mafiga.

Alikaa mbele ya mashine, akabonyeza hapa na pale, kisha akageuka.

"Mama, ukuta unao, na ni mzima. Siku mlipofunga wai-fai, kompyuta ilikuuliza kama hapa ni nyumbani au ni mahali pa watu wote. Ukajibu nyumbani. Basi ikajua waliomo wote ni watu wako, ikawafungulia."

"Ningejibu nini?" alisema Bi Mwaisha. "Si ni nyumbani kwangu?"

Upendo alimweleza kwa upole kwamba hata ule wa kununua ungemuuliza swali lilelile. Ile folda angeweza kuificha, na akaificha, lakini jibu lile lisipobadilika kompyuta itaendelea kumwamini kila aliyeunganishwa pale uani. Bi Mwaisha akauliza kama hakuna jibu la tatu, la watu ambao si ndugu lakini mnakula nao chungu kimoja. Halikuwepo. Inaelekea waliotengeneza mashine zile hawajawahi kukaa na wapangaji.

Alishika kipanya muda mrefu. Akilini alimwona mama yake, akamwona na Innocent na viatu vyake. Kisha akajibu kwamba nyumba yake, aliyoijenga tofali kwa tofali, ni mahali pa watu wote. Upendo akamsifu kwamba amefanya vizuri, akaaga. Hakuna kilichobadilika sebuleni, ila mwenye nyumba alijisikia mgeni.

Tangu hapo Innocent hupiga hodi kabla ya kuingia, ingawa hakuna aliyemwambia. Jumapili iliyofuata alikuwa tena kizingitini na kopo lake la kiwi. Shadia alikuwa ametuma ujumbe kwamba Idi hii pia hataweza kuja. Bi Mwaisha alikuwa jikoni anachambua mchele, na kule nje mluzi ukaanza, bila shaka ulimtoka tu, ule wimbo wa kumtoa mwali. Ukapanda vizuri hadi karibu na ile kona ya mwisho. Hapo kijana akakumbuka, akakatiza.

Bi Mwaisha aliuacha mchele, akasimama dirishani kusubiri ile kona iliyobaki. Haikupigwa.