Siku Niliyofunga Mdomo Chanzuru

Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kufyatua tofali, na nyumba yangu ya Chanzuru nimeijenga mwenyewe, kuanzia msingi hadi bati. Kiingereza nakichukua neno moja moja, nikilihitaji. Hili nilipewa na mjukuu wangu niliyemlea, anayekaa mapokezi kwenye hoteli moja kule Mikumi. Wamebandika ubao pale unaowaambia wageni wa-refrain kuwapa nyani chakula.

"Yaani waache?" nikamuuliza.

"Kuacha ni kitu umeshaanza, babu. Refrain, hujaanza. Unaweza, unatamani kweli, ila unajizuia mwenyewe."

"Kama mbuzi kwenye kamba, anayatazama mahindi."

"Huyo kazuiwa na kamba, hajajizuia." Akanikazia macho. "Na Jumamosi, babu yangu, nakuomba u-refrain kusema."

Jumamosi posa yake ilikuwa inakuja. Kwetu mwenye binti hafungui mdomo mpaka mshenga wake aipokee posa. Akitamka neno, wageni wanageuza, siku inapangwa upya. Na bibi yake kijana anayeposa alikuwa amekuja kwa basi kutoka kanda ya ziwa, kesho yake anarudi. Mjukuu wangu alitaka bibi huyo ashuhudie kwa macho yake. Kwa umri ule, nani angemwambia apande basi tena?

Shida, watu wa ziwa na sisi ni watani. Bibi hata hajamaliza kushuka kwenye bajaji, akaanza.

"Jamani, mwenye nyumba yuko wapi? Mbona namwona mlinzi tu?"

Watu wakacheka. Mimi nikamwonyesha mkeka kwa mkono.

Akaizunguka nyumba, anagonga ukuta kwa fimbo. "Aliyejenga hapa alikuwa amelewa, au alikuwa anakimbizwa na nyuki?"

Ukuta wangu! Nilivuta kikombe nikajaza chai mdomoni, mashavu yakatuna kama ya mpuliza tarumbeta. Mjukuu akaniinamia, anajifanya kuniongezea sukari.

"Hiyo chai ni kamba, babu. Meza, ujizuie mwenyewe."

Nikameza. Ikaniunguza mpaka tumboni.

Washenga wakaanza maneno yao ya adabu, polepole kama wanatembea juu ya mayai. Bibi hakuwapa nafasi. "Na shikamoo yangu? Mtoto mkubwa hivi, hajafundishwa kusalimia wakubwa?"

Hapo alinipatia. Mimi kumnyima mkubwa shikamoo! Nikaona heri nimsalimie kwa mwili. Nikapiga magoti mbele yake, kichwa chini, na magoti yangu yakalia kwa sauti, ko, ko, uani kote wakasikia.

"Sikieni!" bibi akasema. "Yeye kagoma, magoti yamesalimia. Marahaba, magoti!"

Sikuweza tena. Kicheko kilinitoka nikaanguka ubavu kwenye mkeka. Mjukuu wangu akashika kichwa.

"Kasema!" mshenga wao akaruka.

"Kacheka!" wa kwetu akajibu.

"Kicheko ni neno!"

"Neno gani? Hebu litamke."

Yule bwana, mtu mzima na koti lake, akajikohoza akajaribu kukitamka kicheko changu. "Kwi... kwii... hwi..." Basi, mkeka mzima ukaisha kwa kicheko. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko, akauliza nani kafa. Kijana mwenye kuoa, aliyekaa wima tangu afike kama yuko kwenye usaili wa kazi, alijificha uso kwenye kofia, mabega yanamtikisika. Nami bado sijatamka neno, nang'ata mkono wa kanzu.

Bibi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Pokeeni posa, jamani, kabla mtani wangu hajapasuka. Mtu anayeteseka hivi kwa ajili ya mjukuu, msimrudishe nyuma."

Ikapokelewa. Vigelegele mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Mjukuu wangu akanikumbatia shingo, hata pumzi sipati, akaninong'oneza, "Sasa sema, babu."

Nikasimama, nikaikunja mikono ya kanzu, nikamrudishia bibi utani wake: nikaanza na fimbo yake, nikaja kwenye meno yake, naye anajibu neno kwa neno. Bajaji ilipokuja kumchukua, tulimwambia dereva azime injini, akae, ale wali.