Kipanya Nilichokipaka Mafuta ya Nazi

Enzi zetu pale Ukunda, kipanya cha kompyuta kilikuwa na tumbo, na ndani yake gololi nzito ya mpira. Vumbi likiingia, mshale kwenye kioo ulikwama, kisha ukaruka kama panzi. Vijana wa leo wakiuona mshale mzito huongeza kasi kwa kubonyeza tu, wakaendelea kunywa soda. Sisi tulitokwa jasho.

Tulikuwa darasa la nane. Kila Jumamosi tulikwenda kujifunza kompyuta nyumbani kwa Mwalimu Mutiso, mtu wa bara aliyefanya kazi hotelini Diani. Viatu tuliviacha mlangoni. Kompyuta zilikuwa nne, na kipanya changu kilikuwa kigumu kuliko vyote. Siku moja akatangaza mtihani: kubofya vidoti vidogo bila kukosea. Mshindi mmoja angefundishwa bure likizo nzima. Tulipewa wiki moja ya kujiandaa.

Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake ikigoma aliitia mafuta. Nikawaza, gololi nayo ina tofauti gani? Asubuhi ya mtihani niliwahi, nikaitoa, nikaipaka mafuta ya nazi, nikairudisha.

Mwalimu akaingia. "Leo kila mtu akae mahali pa mwenzake, ndiyo haki."

Kipanya changu kikamwangukia Mwanasha, rafiki yangu niliyegawana naye hata kipande cha mhogo wa kukaanga. Gololi iliteleza tu. Alisukuma, mshale haukutikisika. Akasukuma tena, ukapita kidoti.

"Mwalimu, hiki hakinitii!"

"Tuliza mkono, wewe."

Nilijua kosa ni langu. Nikaendelea kubofya vidoti vyangu, maana nafasi ilikuwa moja, nami nilikuwa naongoza.

Nilishinda. Likizo nzima nilijifunza kwa hofu, nikingoja Mwalimu akifungue kile kipanya. Alipokifungua alikifuta tu, akinung'unikia watoto wenye mikono michafu.

Siku hizi vipanya vina taa badala ya gololi, na binti yangu akienda kununua huuliza wepesi wake kwa tarakimu. Nazitamani zile Jumamosi, miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, lakini kila nikizikumbuka namwona Mwanasha akikisukuma kile kipanya. Juzi Mwanasha alikuja ofisini kwangu kuchapiwa barua ya mwanawe, akasimama kunitazama.

"Mashaallah, mwenzangu, mkono wako ulizaliwa mwepesi. Wangu mimi mzito tangu utotoni, ndiyo maana niliachana na hizi mashine."

Nikampa barua yake. Sikumwambia.