Pikipiki Tuliyoifufua na Baba

Macho ya baba yalianza kufifia pikipiki yake ikiwa vipande vipande.

Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha katani, mashariki ya Thika. Ufundi wenyewe alikuwa ameupata jeshini wakati wa vita vya Wazungu, kwenye karakana za Ethiopia na Burma. Pikipiki ilitoka shamba moja la kahawa la Ruiru. Bwana shamba aliponunua gari aliitupa nyuma ya banda, na baba alipomtengenezea pampu ya maji akaambiwa aichukue. Aliisukuma kwa miguu mpaka nyumbani. Ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani kuliko mimi, yenye pistoni moja na tangi lililochubuka rangi.

Hakuwahi kuiendesha. Hali ya hatari ilitangazwa, tukahamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki, na mtu hakwenda hata kuteka maji bila ruhusa. Baba akaifungua yote ili isishikwe na kutu. Kila kipande alikipaka grisi, akakifunga kwa kitambaa cha gunia, akakipanga chini ya kitanda. Mama alikuwa akilala juu ya injini, na alipenda kuwaambia watu hivyo.

Miaka ikapita. Amri zilipoanza kulegezwa, baba aliamua kuiunganisha. Ndipo akagundua kwamba hawezi tena kuona ncha ya bisibisi. Kiwandani walikuwa wamekwisha kumpa kazi ya kufagia, na sisi hakutuambia.

Nilimkuta mchana mmoja amekaa nje, kabureta mikononi, akiizungushazungusha kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyelala.

"Maitu," akaniita. Mimi ni binti yake wa kwanza, nimebeba jina la mama yake, kwa hiyo maisha yake yote aliniita mama. "Njoo uniambie. Hapa pana tundu dogo. Limeziba?"

Nikainua ile kabureta kwenye mwanga. "Limeziba, baba."

"Lizibue."

Nilikuwa msichana mkubwa, nashona nguo sokoni Thika kwa cherehani ya mkono. Nilichomoa sindano kwenye kola ya gauni langu nikalizibua. Baba aliweka mdomo akapuliza, hewa ikapita. Akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tuhamishwe.

Basi tukaanza. Kila Jumapili baada ya kanisa tulitandika gunia mbele ya nyumba. Yeye alishika kipande, akakitaja, akanieleza kinakaa wapi na kinafanya nini. Kisha alinipa mimi nikifunge, na nikimaliza alipitisha vidole juu yake. Pale nilipokosea alisema tu, "Fungua tena." Hakupandisha sauti hata siku moja.

Mama ndiye aliyepandisha. "Nani ataoa msichana anayenuka petroli?"

"Atakayempenda atazoea," baba akajibu. "Wewe hukunizoea mimi?"

Mama akaingia ndani. Tulimsikia akicheka peke yake jikoni.

Siku moja, tukipima mnyororo, baba alisema jambo ambalo nadhani lilikuwa likimsumbua muda mrefu. "Magari yanayokuja sasa, kitu kikiharibika wanakitoa na kutia kipya. Vijana kiwandani hawataki hata kujua kwa nini kimeharibika. Nilidhani nitazikwa na kazi hii mikononi, bila wa kumwachia."

Nikamwomba anipe spana.

Injini iliwaka wakati wa maua ya kahawa. Ilikohoa, ikatoa moshi, ikazima. Ikakohoa tena, halafu ikashika. Majirani wakatoka majumbani. Baba alisimama ameinamisha kichwa, akiisikiliza kwa sikio moja. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta.

Nilijifunza kuiendesha kwenye njia za mashamba ya katani, nikianguka na kuinuka. Nilipoweza, baba alitaka kitu kimoja tu: nimpeleke Ruiru. Huko alikaa rafiki yake wa jeshini, mtu aliyepoteza mguu Burma. Hawakuwa wameonana tangu hali ya hatari ianze.

Mama aligoma kabisa. Asubuhi ya safari alitoka na leso yake kubwa, bado amenuna, akamkalisha baba nyuma yangu, akamzungushia leso kiunoni na kuileta mbele kwangu. Akaifunga fundo kama tunavyofunga mtoto mgongoni.

"Mkianguka, angukeni pamoja," akasema. Akakaza fundo mara ya pili.

Hatukufuata barabara kuu, kwani nani alikuwa amewahi kumwona mwanamke mweusi juu ya pikipiki, tena hana leseni? Tulipita njia za ndani, kati ya mibuni na katani, mlima wa Kilimambogo ukibaki nyuma yetu. Wachumaji wa kahawa waliacha vikapu wakatupigia vigelegele. Baba aliniuliza kila tulichopita, nami nilimpigia kelele juu ya mlio wa injini: maua, ng'ombe, kanisa jipya la mabati.

Tulipovuka mto Ndarugu na kuanza kupanda, pikipiki ikapungua nguvu, ikazima. Nikaisukuma kando, nikafungua leso na kumkalisha baba juu ya jiwe.

"Imekuwa nini?" nikamuuliza.

"Mimi sioni," akasema, akachuma jani la nyasi akalitia mdomoni.

Nikatoa plagi, nikaijaribu, cheche ilikuwako. Nikarudisha plagi, nikapiga teke. Ikawaka, nikaiendesha hatua chache tu, ikazima tena. Jua lilikuwa kali. Baba alianza kunisimulia habari za mbuzi fulani aliyewahi kumfuga, kana kwamba tuko nyumbani. Nilikaribia kulia kwa hasira.

Nikaketi, nikafikiri. Ikipumzika inawaka. Ikienda inazima. Nikafungua kabureta: kavu. Nikatikisa tangi: limejaa. Kuna petroli, lakini haishuki. Nikashika kifuniko cha tangi kukifungua, hewa ikaingia ndani kwa kishindo kidogo, fyuu, kama mtu aliyekuwa amebanwa pumzi.

Kifuniko kina kitundu cha kupitisha hewa. Vumbi la barabarani lilikuwa limekiziba, na bila hewa kuingia juu, petroli haiwezi kushuka chini. Nikakizibua kwa mwiba.

Ilipowaka na kunguruma sawasawa, baba alitema lile jani. "Ni kile kitundu cha kifuniko."

"Ulijua?"

"Tangu tulipoanza kupanda. Ilikuwa inalia kiu."

"Na ukaniacha hapa juani!"

"Maitu," akasema polepole, akinyoosha mkono nimsimamishe, "mimi sitakuwa kwenye jiwe kila siku."

Hasira iliniishia hapohapo. Nilimfunga leso, naye akaegemeza kichwa chake mgongoni kwangu. Tulikwenda hivyo mpaka Ruiru.

Yule rafiki alikuwa amesikia mlio kabla hatujafika. Tulimkuta langoni, ameegemea mkongojo, akipiga kelele, "Valvu! Valvu imebana!"

"Haijabana!" baba akamjibu kabla sijamfungua. Hivyo ndivyo walivyosalimiana baada ya miaka yote ile. Kisha wakashikana, asiyeona na asiye na mguu, wakayumba pamoja hata nikaogopa wataanguka.

Mchana kutwa walikaa kwenye pikipiki iliyosimama, mmoja mbele mmoja nyuma, wakibishana. Binti wa nyumba ile alituletea uji. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mjane, msusi wa vyondo, vile vikapu vya nyuzi za katani. Aliniuliza taratibu, "Ni wewe uliyeifunga yote?"

"Mimi na baba."

Akainama kuitazama injini.

Baada ya safari ile watu walianza kuniletea baiskeli, taa za karabai, pampu za mashamba, hata injini ya kusagia mahindi. Niliacha cherehani. Na kabla mvua hazijaanza, yule mwanamke wa Ruiru alishuka kutoka kwenye basi akiwa na kifurushi kichwani.

"Baba amesema nikae hapa mpaka niijue kazi hii," akasema. "Nami nataka."

Baba alimwomba mikono, akapapasa vidole vyake kimoja kimoja. Kazi ya kusuka ilikuwa imevikomaza ncha. "Hivi vinajua kuhisi," akasema. "Mkalishe kwenye gunia."

Nikamkalisha. Nikampa kabureta ya pikipiki ya katekista aifungue. Skrubu ndogo ikamponyoka, ikapotea kwenye nyasi. Akashtuka, akaanza kuomba radhi, lakini baba alikuwa amekwisha kupiga magoti anapapasa ardhi, nami nikapiga magoti, naye akapiga. Mama akaita kwamba ugali unapoa. Akaita tena. Hakuna aliyeinuka.