Ndege Aliyoingoja Koko

Ilianza Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa nane kasoro dakika kumi mchana. Nilikuwa nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Keshero, Goma, ninaanika mihogo juu ya mawe meusi ya volkeno, Mama akaniita kwa sauti ya chini kabisa. "Kuja uangalie huku, upande wa Sake." Nikaangalia. Moshi ulikuwa umesimama juu ya milima, mnene na wa rangi ya udongo, upepo unauvuta kidogo kidogo kuja ziwani.

Moshi wa kiangazi tunauzoea. Wafugaji wanachoma majani ya zamani ili mapya yaote, kila mwaka ni hivyo. Lakini huu ulikuwa mahali pa Koko. Koko ni mama ya Papa. Anakaa juu ya kilima, ukishapita Sake unapanda karibu saa nzima kwa miguu, pamoja na ng'ombe wake. Nimeandika anakaa. Alikaa. Bado sijazoea.

Na mwaka huu juu ya kile kilima hakuna mutu aliyekata njia ya moto.

Njia ya moto ni ukanda wa udongo mutupu unaozunguka nyumba na malisho. Kila mwaka, kabla ya majani kukauka, watu walitoka Jumamosi na panga na jembe kufanya salongo, ile kazi ya bure ya serikali, wakang'oa majani mpaka moto ukifika pale usikute kitu cha kula. Watu waliinung'unikia sana. Mwaka huu biro ya Papa iliifuta, kwa sababu sasa tulikuwa na ndege.

Papa anafanya kazi katika biro ya serikali ya hapa, ile ofisi ya mashamba na misitu. Si mukubwa. Anapiga mashine ya chapa na kuandika barua za watu wengine. Lakini ile ndege ilikuwa kama yake. Ni yeye aliyesoma mahali fulani kwamba kuna nchi ambako moto wa msituni unazimwa kutoka juu, na aliwasumbua wakubwa kwa maneno hayo mpaka wakakubali. Wafanyabiashara wa Birere walichanga, wenye ng'ombe walichanga, wenye mishahara walikatwa. Mama alikuwa anatuwekea maharagwe yasiyo na mafuta na kusema, "Kuleni, leo ni bawa la ndege." Kesho yake, "Leo ni mukia." Papa alicheka kuliko sisi wote.

Siku ya kuionyesha tulipelekwa uwanja wa ndege, wanafunzi wote, kufanya animasyo, kuimba na kucheza mbele ya wakubwa. Nilijiweka mustari wa mwisho kama kawaida yangu, nyuma ya musichana munene. Walirundika majani makavu mwisho wa uwanja wakayawasha. Ndege ikapita chini sana, ikafungua tanki la tumboni, maji yakaanguka. Nusu yalianguka juu ya moto, nusu juu yetu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Papa alikuwa amemleta Koko siku ile, amemkalisha kati ya wake za wakubwa, na Koko hakucheka. Alisimama.

"Mutoto wangu amenyesha mvua," akasema.

Papa mudogo, yaani mudogo wake Papa anayekaa na Koko kilimani, alikuwa pembeni yake. Akasema, "Mvua gani, Mama. Ni kama mutoto amekojoa mugongoni mwa mama yake."

"Weye ulikojoa kwa mugongo wangu miaka tatu," Koko akamjibu, "na haukuzima hata sigara."

Baada ya pale Papa alizunguka vilima vyote kufundisha watu. Moto ukitokea, kila nyumba itandaze shuka nyeupe mahali pa wazi, juu kabisa, iweke mawe kwenye pembe zake, na watu wakae karibu nayo. Piloti ataona shuka, atajua hapo kuna watu, atamwaga maji hapo. Kwa Koko nilienda naye. Shuka nilibeba mimi, ilitoka katika sanduku la Mama.

"Na kama piloti amelala?" Koko aliuliza.

"Analipwa asilale, Mama."

"Na kama ni siku ya misa?"

"Hata siku ya misa."

Koko aliipapasa ile shuka. Alisema ni nzuri kuliko ile anayolalia, akatuchekesha, halafu akaikunja na kuiweka chini ya kitanda.

Sasa ile Jumanne. Papa alifika nyumbani mbio, shati limetoka nje ya suruali. Alimwambia Mama abaki na watoto, mimi nimfuate, ili akinituma na habari nirudi haraka. Tulipanda gari la watu mpaka karibu na uwanja, kipande cha mwisho tukakimbia. Ndege ilikuwa pale. Niliiona kabla ya Papa, nyeupe, nzima, na piloti amekaa kwenye kivuli cha bawa amevaa kandambili. Nilisikia moyo wangu unatulia. Nilifikiri, basi, imekwisha, Koko amepona.

"Piloti, moto," Papa akasema. Hakuwa na pumzi.

"Nimeuona tangu saa saba, ndugu sitwayeni. Unataka nifanye nini? Angalia ndani."

Papa akaangalia ndani, na mimi nikaangalia chini ya mukono wake. Kulikuwa na viti vinne vya ngozi, vipya.

"Tanki iko wapi?"

"Waliitoa wakati wa mvua. Wakubwa walikuwa na harusi kule Bukavu, wakaniambia mvua inanyesha, moto utatoka wapi. Wakaweka viti."

"Lakini walisema itarudi kabla ya kiangazi. Waliniambia mimi mwenyewe."

"Na mimi waliniambia."

"Sasa iko wapi?"

Piloti alimwangalia kama mutu anayeulizwa jina la mutoto wa mwenzake. "Iko kwa mukubwa wako, Papa. Na hata ukiileta sasa hivi, kuifunga ni kazi ya kutwa nzima."

Tulienda hata hivyo. Kutoka pale si mbali. Papa alitembea mbele bila kugeuka, na mimi niliendelea kutazama upande wa Sake ingawa nyumba za watu zilinificha moshi.

Tanki lilikuwa uani, chini ya mfereji wa paa, limewekwa juu ya matofali. Walikuwa wamelitoboa na kulipachika robine ya kufungulia maji. Musichana wa kazi alikuwa anakinga maji katika beseni. Hapa Goma maji ni shida, mawe haya hayashiki kisima, sisi tunayachota ziwani na kuyapandisha kichwani, kwa hiyo niliona mara moja kwa nini walilipenda. Mama wa nyumba akatoka, amefunga kitenge kizuri, akatusalimia vizuri tu.

"Karibu, Papa. Mukubwa yuko Kinshasa, hajarudi."

"Mama, nimekuja kwa sababu ya hii," Papa akasema, na akaweka mukono juu ya tanki.

"Hii? Lakini hii iko na maji."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Papa akamwondoa yule musichana polepole, akafungua robine mpaka mwisho. Maji yakatoka kwa nguvu, yakapita katikati ya miguu yetu, yakaingia katika mawe na kupotea. Tulisimama tukiyaangalia.

"Papa," mama wa nyumba akasema, "unamwaga maji ya watu."

Na Papa akafunga robine. "Samahani, Mama," akasema. Tukatoka.

Tangu siku ile watu wengi wamenieleza mambo mengi, kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwamba Koko alikuwa muzee. Mimi ninaona ule mukono unaofunga robine. Sijui nilitaka afanye nini. Maji yale yasingemfikia Koko kwa njia yoyote. Lakini nilitaka ayaache yatoke.

Jioni, kabla jua halijaingia, Papa mudogo alimfikisha Koko hospitali, juu ya kamyo, lori la kubeba mbao, amelazwa kwenye majani ya migomba. Tulimkuta Papa mudogo kwenye koridoo, nywele zake za mbele zimeungua, ananuka moshi. Alizungumza na ukuta, si na sisi.

"Wengine wote walishuka mutoni. Nilimuvuta mukono. Nikamwambia Mama, twende. Akasema mutoto wangu alisema tukae karibu na shuka. Nikamwambia ndege haisikiki. Akasema weye hujui kitu, weye ni mutu wa kucheka. Nikaenda kuwafungulia ng'ombe, nikafikiri nitarudi kumubeba." Akajipapasa zile nywele zilizoungua. "Shuka haikuungua yote."

"Na ng'ombe?" Papa akauliza.

Papa mudogo akatikisa kichwa, hapana.

Ndani, Koko alikuwa amefunikwa mpaka shingoni. Macho hayakuwa yanaona vizuri, lakini alimjua Papa kwa hatua zake.

"Ilikuja?" akauliza. Sauti yake ilikuwa kama karatasi.

Papa akapiga magoti. Niliona sikio lake moja tu na shingo.

"Ilikuja, Mama."

"Sikuisikia. Moto ulikuwa na kelele."

"Ilikuja. Piloti aliona shuka."

"Basi ng'ombe wamepona."

"Wamepona wote."

"Mwambie mudogo wako," Koko akasema. "Anacheka sana yule."

Papa mudogo alikuwa mlangoni. Muda mufupi baadaye Koko akaacha kupumua. Mutawa akaja, akatuomba tutoke, na Papa alikuwa bado anasema wote, wote, kama mutu anayebembeleza mutoto ambaye ameshalala.

Asubuhi yake tulimpeleka kumzika kwake. Papa alikaa mbele na dereva, sisi nyuma na jeneza. Chini ya kilima gari liliposimama, wanaume wakakata miti ya kumbebea, na mimi nikageuka kuangalia upande mwingine wa bonde. Moto ulikuwa umevuka usiku, moshi ulikuwa bado mgongoni mwa kilima kile. Na mbele ya moshi, juu, kulikuwa na shuka. Moja, halafu nyingine, halafu nyingine tena. Watu wamekaa pembeni yake.

Papa aliziona. Najua aliziona kwa sababu aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Mimi darasani siinui mukono hata jibu nikilijua. Mwalimu akinitazama ninasahau jina langu. Nilishuka bondeni nikapanda. Kwenye nyumba ya kwanza kulikuwa na mama mumoja na watoto wake wadogo, wamezunguka shuka kama watu waliokaa kwenye mukeka kula.

"Jambo, Mama. Ndege haiji."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Weye ni wa nani?"

"Mimi ni mutoto wa ule mutu wa ndege."

Akanitazama. "Yeye mwenyewe alituambia tukae hapa."

"Ndiyo, Mama, alisema. Lakini haiji. Haina tanki. Peleka watoto mutoni."

Aliangalia juu kidogo, halafu akainuka, akamubeba mudogo mugongoni, akawashika wengine mukono. Sikungoja kuona kama anashuka. Kule ng'ambo walikuwa wameanza kuimba, nilisikia sauti ya Papa mudogo juu ya sauti za wengine, na nikajua wanamupandisha Koko bila mimi. Nikaenda kwenye nyumba iliyofuata.